Jirani anachoma taka kila jioni, hivi huu moshi una madhara au ni harufu tu?

mpangaji_uani: Wakuu habari za jioni. Nimepanga Mbagala, uwani tuna shimo la taka la wote, sasa kuna mzee mmoja, mtu mwema tu sina ugomvi naye, ikifika saa kumi na mbili anawasha na humo kuna kila kitu, pampasi, chupa za maji, nyaya, ndala zilizokatika. Moshi mweusi unaingia ndani, nguo za kwenye kamba zinanuka mpaka kesho yake na mwanangu wa miaka miwili anakohoa usiku. Nikimwambia anasema "sisi tumekulia kwenye moshi mbona hatujafa". Au mimi ndo najishtukia?

sindano_taratibu: Hujishtukii mkuu. Moshi aliokulia mzee ulikuwa wa majani na maganda ya mihogo. Plastiki ya nyaya na mabomba ikiungua inatoa dioksini, sumu inayokaa kwenye mafuta ya mwili miaka na miaka na inahusishwa na saratani. Masizi nayo hayaishii puani, yanashuka mpaka chini kabisa ya mapafu, na mtoto anapumua haraka kuliko wewe ndo maana kaanza yeye. Mpeleke wamsikilize kifua. Halafu kuku wasichakure kwenye hayo majivu, sumu inaingia mpaka kwenye mayai.

buku_la_taka: Mnamwonea mzee. Hela ya taka tunalipa kila mwezi, gari wiki mbili halijaonekana, funza wanatembea. Afanyeje, ale?

wa_tandika: Ishu ni kuchanganya. Sisi tumetundika viroba vitatu ukutani, chupa vijana wa makopo wanapitia wenyewe asubuhi wanauza kwa kilo, maganda anabeba mama mwenye mbuzi, zinabaki pampasi na vikorokoro, gari likichelewa hainuki kihivyo. Ila makopo na tairi msiache nje yakajaa maji ya mvua. 2019 dengue ilivyopiga Dar nililala siku tisa, viungo kama vimepondwa kwa mchi, na mbu wake yule wa madoa meupe anauma mchana kweupe na anataga hata kwenye kizibo cha soda.

bibi_mkola: Mpelekee mzee kiroba mkononi, ukimpelekea semina atawasha mara mbili.

mpangaji_uani: Nimempelekea jana 😂 chupa kakubali, kaniuliza kilo bei gani. Nyaya ndo kagoma, kumbe anazichoma makusudi apate shaba akauze skrepa.

wa_tandika: Mwambie achune kwa kisu, shaba isiyoungua wananunua bei ya juu kuliko hiyo iliyopigwa moto.

mpangaji_uani: Hii nampelekea sasa hivi kabla hajawasha.