Kosa la abiria hulipiwa na abiria. Na kosa la shirika la ndege nalo tulilipie sisi?

Ndugu wanajamvi, heshima kwenu. Ninaandika nikiwa na hasira na sitajifanya nimetulia, ingawa nitajitahidi kulieleza jambo lenyewe kwa mpangilio ili anayetaka kunipinga apate pa kushika.

Nilikata tiketi ya kwenda Guangzhou na kurudi kupitia tovuti ya shirika moja la ndege la nje, ambalo silitaji jina kwa kuwa malalamiko yangu bado yako mezani kwao. Nauli ilikuwa laki nane na ushee, kodi zote zikiwa ndani, wakati msimu wa Maonesho ya Canton, yale maonesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, tumezoea kulipa milioni mbili na kuendelea. Kadi ilikatwa papo hapo, benki ikanitumia ujumbe, na barua pepe ikaingia ikiwa na namba ya tiketi yenye tarakimu 13, uzito wa mizigo ninaoruhusiwa, na neno "imethibitishwa" mbele ya kila safari. Kwa tiketi hiyo niliombea viza, nikalipia hoteli ambayo wakati wa maonesho hairudishi fedha kwa sababu yoyote ile, na nikakata ndege ya ndani kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam. Ndipo ikaja barua nyingine, fupi, yenye kuanza na "Mpendwa Mteja", ikieleza kwamba bei ile ilitokana na hitilafu ya mfumo, kwamba tiketi imefutwa, na kwamba fedha zitarejeshwa baada ya siku kadhaa za kazi. Jioni hiyohiyo nilifungua tovuti yao nikaikuta ndege ileile, tarehe ileile, viti vimo tele, kwa bei iliyopanda karibu mara tatu.

Fedha zenyewe zimerudi pungufu. Tiketi ilitozwa kwa dola, kwa hiyo benki ilinikata kwa bei ya kuuzia dola, na ziliporudi ikanibadilishia kwa bei ya kununulia. Tofauti hiyo nimeibeba mimi. Nilipopiga simu, dada wa huduma kwa wateja alinijibu kwa upole kabisa kwamba shirika limerejesha dola zilezile lilizopokea na kwa hiyo halidaiwi kitu. Nilipomuuliza kuhusu viza, hoteli na tiketi ya kutoka Mwanza, akasema, "Hizo ni gharama zako binafsi, mama."

Sasa nawaomba mlipime jibu hilo kwa kipimo ambacho mashirika haya hutupimia sisi. Abiria akikosea herufi moja ya jina lake, akabonyeza tarehe 12 badala ya 21, au akachagua uwanja usio sahihi, hakuna anayemwambia kuwa ni hitilafu na kwamba mkataba umefutika. Ataelekezwa kwenye masharti ya nauli, atatozwa faini ya kubadilisha pamoja na tofauti ya bei ya siku hiyo, na tiketi za bei ya chini mara nyingi hazibadilishwi wala hazirudishiwi fedha, hivyo atanunua nyingine. Mkataba huohuo unaombana abiria kwa kila herufi unageuka kuwa pendekezo tu pale aliyekosea anapokuwa mwenye ndege.

Najua jibu litakalotangulia humu: "Ulipoiona bei ile, ulipaswa kujua kuwa ni kosa." Ningejuaje? Fastjet ilipoanza kuruka hapa Tanzania mwishoni mwa mwaka 2012 ilitangaza nauli kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, watu wakapanda ndege kwa bei iliyoshindana na ya basi, na hakuna aliyeambiwa kuwa amefaidika na makosa ya mtu. Mashirika ya ndege yenyewe yametufundisha kwamba kiti kimoja kinaweza kuwa na bei moja asubuhi na nyingine jioni, kwamba wawili waliokaa bega kwa bega wamelipa viwango vinavyopishana mno, na kwamba mwenye kuwahi ofa ndiye mjanja. Baada ya kutuzoesha hivyo miaka yote, hayawezi kugeuka na kudai kwamba kila abiria mwenye akili timamu anaijua bei halali ya kiti.

Hitilafu hizi hazidondoki kutoka mbinguni. Mashirika mengi huwasilisha nauli zao kwa kampuni ya ATPCO, ambayo inamilikiwa na mashirika ya ndege yenyewe, na kutoka huko nauli husambazwa kwenye mifumo ya mauzo kama Amadeus na Sabre. Mtu akisahau kuingiza tozo ya mafuta, akidondosha sifuri, au ubadilishaji wa sarafu ukaenda kombo, nauli mbovu husambaa kabla mwenyewe hajashtuka. Ni makosa ya kibinadamu, sikatai, lakini yametokea ndani ya nyumba yao, kwa zana zao, na wao ndio wenye uwezo wa kuweka kizuizi cha kuizuia bei isiyoingia akilini isiuzwe.

Yapo mashirika yaliyobeba mzigo wao kiungwana. Tarehe 1 Januari 2019 Cathay Pacific iliuza tiketi za daraja la kwanza na la biashara kutoka Vietnam hadi Amerika Kaskazini kwa chini ya dola elfu moja, safari ambazo kwa daraja la kwanza hugharimu zaidi ya dola elfu kumi. Ilikiri hadharani kuwa imekosea na ikasema itawabeba wote waliokwisha kupewa tiketi. Mwishoni mwa mwaka 2014 Singapore Airlines iliuza viti vya daraja la biashara kutoka Australia kwa bei ya daraja la kawaida, ikataka kwanza wateja waongeze fedha, kisha ikarudi nyuma na kuziheshimu tiketi zile. Agosti 2024 Qantas ilipouza daraja la kwanza kwa bei ya kutupa, iliwapa wanunuzi chaguo la kusafiri daraja la biashara bila nyongeza au kurudishiwa fedha zao. Mimi sikuomba hata daraja la biashara. Niliomba kiti cha nyuma kabisa ambacho nimekwisha kukilipia.

Marekani nako kanuni iliyoanza mwaka 2012 ilikataza kumpandishia abiria bei baada ya kulipa, na kwa muda mamlaka ya usafiri ilitafsiri kuwa hata nauli zilizokosewa ziheshimiwe. Mwaka 2015 ililegeza msimamo: shirika linaweza kufuta tiketi likithibitisha kuwa bei ilikuwa kosa la kweli, lakini sharti limrudishie abiria nauli yote pamoja na gharama nyingine halisi alizoingia kwa kuitegemea tiketi hiyo, kama vile hoteli isiyorudisha fedha. Ndiyo kusema hata msimamo uliolegezwa unawapa abiria wa kule kile ambacho mimi nimeambiwa ni "gharama zangu binafsi".

Simtetei kila mtu. Februari 2015, hitilafu ya sarafu ilipoteremsha bei za shirika la ndege la United la Marekani kutoka London kwenye ukurasa wa Denmark wa tovuti yake, walikuwepo watu wasio na uhusiano wowote na Denmark waliojiandikisha kuwa wanalipia kutoka huko ili wapate daraja la kwanza kwa bei ya chakula cha jioni. Huyo alijua anachofanya, na sioni kwa nini sheria imbebe. Mahakama za Singapore zilishasema hivyo mwaka 2004 na 2005 kuhusu watu waliokimbilia printa za zaidi ya dola elfu tatu za Singapore zilizowekwa mtandaoni kwa dola 66 za huko. Lakini mimi nilinunua kwenye ukurasa wa nchi yangu, kwa kadi yangu, kiti kimoja chenye jina langu.

Kwa hiyo ninachodai ni hiki: wanipandishe ndege ile kwa nauli niliyolipa, nami nitawarejeshea dola zao siku hiyohiyo, au wanilipe viza, hoteli, tiketi ya Mwanza na tofauti ya benki, kwa risiti. Nimekwisha kuwaandikia rasmi, na wakiendelea kunipiga danadana nitalipeleka shauri kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) na kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Waliofutiwa tiketi kwenye ofa hiyohiyo wanifuate faragha, na tafadhali msifute ile barua pepe ya kwanza yenye namba ya tiketi wala ujumbe wa benki, kwa sababu tayari wameanza kutuambia kuwa hapakuwa na mauzo, bali "ombi la kuhifadhi nafasi".