Mavi ya popo, ya kuku au samadi: nyanya na mchicha niziwekee nini?

Mchimbashimo (Muheza)
Wakuu, habari za mchana. Nimebomoa dari ya nyumba ya marehemu babu, nikakuta popo walishaifanya kwao miaka nenda rudi. Mavi yao yametoka viroba vitatu vya kilo 25, makavu, harufu inakata pua. Jirani anasema hiyo ni mbolea kuliko zote. Mimi nina banda la kuku wa mayai, na samadi ya ng'ombe naipata bure. Nataka nyanya robo eka na matuta manne ya mchicha. Kipi kiende wapi?

BibiBustani
Mwanangu, vaa glovu, chukua punje uisugue vidoleni. Ikisagika na kumetameta, hayo ni magamba na mabawa ya wadudu, basi popo wako ni wala wadudu na mbolea ni kali: nitrojeni huweza kufika asilimia 10. Samadi ya ng'ombe haifiki hata robo ya hapo. Popo wa matunda kinyesi chao ni uji uji wenye mbegu, nguvu yake ndogo.

Mchimbashimo
Inameta, bibi. Kama vumbi la kioo.

MzeeMboji
Basi peleka kwenye mchicha. Nyanya ukizilisha nitrojeni nyingi zinaota msitu wa majani, maua unayahesabu. Yalinikuta mimi, na mbolea yenyewe ilikuwa ya kuku tu. Nyanya samadi iliyoiva ndiyo msingi wake, maana inashika maji na kulainisha udongo. Viroba vitatu vya popo haviwezi kazi hiyo.
Ile ya mapangoni ni habari nyingine. Ikikaa miaka mingi nitrojeni inapotea, fosforasi inabaki. Ndiyo inayofaa mizizi na maua.

Kijana_wa_Tanga
Si nikajizolee mapango ya Amboni basi 😂

MzeeMboji
Amboni ni malikale ya taifa, usituletee kesi hapa.

NesiMkulima
Mnazungumzia virutubisho, hakuna aliyeuliza huyu kijana aliyazoaje. Mavi ya popo yanaweza kuwa na fangasi aitwaye Histoplasma. Ukifagia makavu, vumbi linaingia kifuani, unakohoa na homa wiki kadhaa, unatibiwa TB ambayo huna. Nyunyizia maji kwanza, ndipo uzoe. Vaa barakoa nzito, si kitambaa. Na mapangoni msiingie kabisa: mwaka 1980 na 1987 watu wawili waliougua Marburg, homa ya virusi inayoua, walikuwa wametembelea pango la Kitum, Mlima Elgon, Kenya, lenye popo wa matunda. Kuku hakupeleki huko. Kwa mtu mwenye banda lake, mimi sioni sababu ya kumfuata popo darini.

Mchimbashimo
Duh. Nilifagia na fagio la chelewa, shati nimejifunga puani.

NesiMkulima
Ukianza kukohoa au kupata homa nenda kituo cha afya, na umwambie daktari habari ya popo. Usipomwambia hataifikiria.

BibiBustani
Nesi kasema kweli, ila yaliyokwisha kuzolewa tusiyatupe. Yaloweshe, changanya na majani makavu na samadi, funika yaive miezi miwili mitatu. Yakiwa mabichi yanaunguza miche. Ya kuku nayo vivyo hivyo, yaive kwanza.
Nyanya kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50, robo eka ni mashimo kama 2,700. Kila shimo samadi makoleo mawili, na konzi ya mbolea ya kuku iliyoiva. Zikianza maua ongeza majivu kidogo pembeni ya shina, kwa sababu popo na ng'ombe wote potasiamu yao haitoshi nyanya. Ila majivu usiyatie ndoo moja na mavi mabichi, nitrojeni itapaa na utainusa mwenyewe.

Mchimbashimo
Nimeelewa. Kuku na samadi kwenye nyanya, popo aive kwanza halafu aende mchicha. Viroba nimeviweka stoo, jirani na mahindi.

NesiMkulima
Vitoe leo leo.