Kampuni za safari Arusha, futeni "kuogelea na pomboo" kwenye ratiba zenu

Wakuu, nimerudi juzi kutoka Unguja na hasira bado haijashuka.

Mimi ni dereva mwongoza watalii hapa Arusha, huu ni mwaka wa 11. Tarangire, Manyara, Ngorongoro, Serengeti, kisha namshusha mgeni uwanja wa ndege wa Kisongo apande ndege ya Zanzibar. Yanayofuata huko nilikuwa nayaona kwenye karatasi tu: "Siku ya 8, Kizimkazi, kuogelea na pomboo." Safari hii nikaenda mwenyewe, na mke wangu na binti yetu wa miaka tisa.

Tuliondoka Kizimkazi Dimbani asubuhi mapema, bahari shwari. Pomboo walikuwa sita au saba, wanakwenda taratibu, na katikati yao mama na mtoto wake. Mtoto mchanga kabisa, ile mikunjo anayotoka nayo tumboni bado inaonekana ubavuni. Nilihesabu boti kumi na nne. Zote zikawakimbilia kwa mashine kubwa. Manahodha wanapiga kelele "Ruka! Ruka!", wageni wanajitupa majini karibu wawaangukie. Pomboo wakizama wakaibukia mbele, boti zinageuza zinawakatia njia. Wakahama, zikawafuata. Hivyo hivyo karibu saa nzima. Yule mtoto akawa anaibuka kuvuta pumzi kila mara, na mama yake amekaa upande wa boti, amemkinga. Binti yangu akaniuliza, "Baba, wamewakosea nini?" Nikamwomba nahodha aturudishe. Akasema wengine bado hawajaridhika.

Sasa niambieni, waongozaji wenzangu. Nani kati yenu anaweza kumteremsha mgeni pale Seronera, katikati ya Serengeti, amkimbilie simba jike mwenye watoto? Ukitoka tu nje ya barabara kumfuata duma unapigwa faini. Sisi wenyewe tunakemeana kwenye redio, "Toka hapo, unamharibia mawindo!" Tunajua duma akizingirwa na magari hali, na watoto wake hawali. Halafu mgeni huyohuyo, kwa risiti ileile, tunamuuzia kumfukuza mama anayenyonyesha kwa sababu tu yuko majini na hawezi kunguruma.

Pomboo si samaki. Anabeba mimba kama mwaka mzima, anazaa mtoto mmoja, na baada ya hapo inaweza kupita miaka mitatu au zaidi kabla hajazaa tena. Mtoto ananyonya mwaka na zaidi, tena ananyonya chini ya maji, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na ili anyonye lazima mama apunguze mwendo. Mama hapunguzi mwendo akiwa na boti kumi na nne mgongoni. Usingizi nao ni hivyo: pomboo hulala nusu ya ubongo kwa zamu, akiogelea polepole na wenzake. Yale makundi "yaliyotulia" tunayoambiwa ndiyo rahisi kuyaona mara nyingi ni wanyama waliolala. Na hawa wa Kizimkazi ni wachache. Watafiti waliowahesabu miaka ya mwanzoni mwa 2000 walikadiria wale wa aina inayoonekana zaidi kuwa hawafiki 200, na bado kuna nyavu za jarife zinazowanasa.

Najua kuna atakayekuja na "watu wa Kizimkazi wale nini?" Hoja ya haki, na naiheshimu. Hadi miaka ya 1990 pomboo walikuwa wanavuliwa pale wawe chambo cha papa, na pesa ya watalii ndiyo iliyofanya wavuvi waache. Sitaki biashara ile ife. Nataka boti chache, mashine chini, mgeni abaki ndani ya boti aangalie, kama anavyobaki ndani ya gari Ngorongoro. Eneo lile ni hifadhi ya Ghuba ya Menai tangu 1997, si bahari isiyo na mwenyewe. Marekani mwaka 2021 walipiga marufuku kuogelea na pomboo wa Hawaii wanaopumzika karibu na pwani, au kuwasogelea chini ya mita 45 hivi. Watalii hawajaacha kwenda Hawaii.

Nahodha anafanya anacholipwa kufanya. Anayemlipa yuko hapa, kwenye ofisi za Njiro, Sakina na Moshi mjini, na anaahidi "kuguswa na pomboo" ili apate oda. Mgeni akishaahidiwa hivyo, nahodha akikaa mbali ananyimwa bahashishi.

Jumatatu naingia kwa bosi wangu na picha nilizopiga. Namwomba afute ule mstari wa siku ya 8. Akikataa, kila mgeni nitakayempeleka Kisongo nitamweleza nilichokiona kabla hajapanda ndege. Wa kampuni nyingine, ratiba zenu zinasemaje? Wekeni hapa.