Naomba ushauri: simvastatini na sharubati ya balungi
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mama yangu, mkaazi wa Kisauni hapa Mombasa, humeza simvastatini, dawa ya kupunguza kolesteroli (mafuta kwenye damu), kila usiku, na asubuhi hakosi gilasi ya sharubati ya balungi. Ninavyoelewa, balungi huzuia kimeng'enya kilichomo kwenye ukuta wa utumbo, ambacho kwa kawaida huivunja sehemu kubwa ya dawa hii kabla haijaingia kwenye damu, hivyo dozi ile ile humfanyia kazi kana kwamba imeongezwa, na misuli ndiyo huweza kudhurika. Kupishanisha saa hakutoshi, kwani athari hiyo huweza kudumu siku nzima au zaidi.

Naomba wafamasia mnishauri: aache balungi, au tumwombe daktari ambadilishie pravastatini, dawa nyingine ya kolesteroli isiyotegemea kimeng'enya hicho? Ameanza kulalamikia maumivu ya mapaja. Je, tusisubiri miadi ya kliniki?