Maua ya hoteli yamevuka ukuta

MAJIRANI WA KICHOCHORO CHETU, BAMBURI

*Jumamosi asubuhi*

Bi Mwanaisha: [picha]

Bi Mwanaisha: Assalaam alaykum majirani. Picha hii ni ya leo baada ya alfajiri, nyuma ya jiko langu, hapo baina ya kisima na ukuta. Ni nini hii iliyotoka kama mkuki?

Bi Mwanaisha: Na juzi haikuwepo. Hapo nafagia mwenyewe.

Ami Saidi: Wa alaykum salaam Bi. Hicho ni kidole cha jini. Mfukizie ubani.

Mama Salma: Wa alaykum salaam Bi Mwana, shikamoo. Jini ni mimi 🙈 Hayo ni yale maua yangu ya hoteli.

Bi Mwanaisha: Marahaba mwanangu. Maua yako ni mazuri, nayaona kila nikianika nguo. Lakini mbona yaja kwangu bila hodi?

Mama Salma: Wallahi sijui yamepita wapi. Nilinunua mche mmoja tu kwa wale wauza miche wa barabarani, masika ya mwaka juzi, kwenye kifuko cheusi. Leo yametoka bombani mpaka kwenye kamba ya nguo. Juzi nilikaa kuyahesabu, nilipofika sitini nikaacha.

Ami Saidi: Mche mmoja umezaa sitini na sisi twatafuta mtoto wa pili mwaka wa tano.

Hamisi (admin): Jamani, kundi hili ni la maji na usalama.

Ami Saidi: Sasa mkuki umeingia uani kwa mtu, huo si usalama?

Mwalimu Kazungu: Habari za asubuhi nyote. Bi, naomba Faiz achimbue pembeni ya huo mkuki, kwa kijiko tu, asiung'oe. Atuambie anaona nini chini.

Faiz: Shikamoo Mwalimu. [picha] Kuna kitu kama tangawizi. Nje kina rangi ya waridi, ndani cheupe. Hakikutoka chini, kimekuja kimelala. Kimetoka upande wa ukuta.

Mwalimu Kazungu: Marahaba. Ukutani pana tundu?

Faiz: Lipo la kutolea maji ya mvua. Kumbe ndimo kilimopita! Kimejaza tundu lote. Ndiyo maana maji yalituama uani mvua ile ya juzi, Bibi akawa amlaumu fundi.

Bi Mwanaisha: Fundi anisamehe.

Mwalimu Kazungu: Basi ndiyo yenyewe. Jina lake helikonia, kwao ni Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi. Hiyo tangawizi si mzizi, ni shina lenyewe lililolala chini ya udongo. Mtazame vizuri, lina macho kama muwa, na kila jicho laweza kuwa mmea. Halichimbi chini sana, latambaa juu juu, shibiri moja au mbili. Na hapa petu ukichimba kidogo ushagonga jiwe la matumbawe, kwa hiyo hata lingetaka kushuka halina pa kwenda. Laenda pembeni tu mpaka lipate upenyo.

Mama Salma: Na mimi kila nikiona limetoka nalikata kwa panga juu juu nikidhani nalimaliza.

Mwalimu Kazungu: Ukilikata mara moja ukaliacha, umelipogoa. Litatoa mengine mawili.

Ami Saidi: Mimi dawa ninayo. Chumvi ya mawe kilo mbili na oili chafu ya gari, waimwaga hapo hapo. Nilimaliza mkunazi mzima namna hiyo.

Bi Mwanaisha: Kando ya kisima changu, Saidi?

Ami Saidi: Kidogo tu Bi.

Mwalimu Kazungu: Ami Saidi, kwa heshima zote, hapana. Jiwe letu lina matundu kama sifongo. Oili utakayoimwaga leo, Bi ataivuta na ndoo yake. Na chumvi ndiyo usiitaje, kwani maji ya visima vyetu hayajakolea chumvi ya kutosha?

Ami Saidi: Nimenyamaza.

Nassir: Kuna ile dawa ya kuulia magugu, glifosati. Duka la kilimo wanauza.

Mwalimu Kazungu: Ipo, na yafanya kazi, lakini si ya kupuliza ovyo. Hukata shina, ukapaka pale pale kwenye kidonda kibichi kwa brashi, na shina moja likifa jirani yake laweza kuchipua, urudie. Mimi kando ya kisima cha kunywa siitumii. Mtaimbo na jasho vyatosha.

Mama Salma: Maji yamerudi kwenu? Kwangu bomba lapiga mluzi tu.

Hamisi (admin): Yamerudi, yana tope. Acheni yatiririke kwanza.

Bi Mwanaisha: [sauti, dakika 3]

Faiz: Kwa walio kazini, Bibi asema hivi: "Nimelikata hilo jani nikalinusa, nikalipasua katikati. Huo ni mgomba. Ni mgomba tu uliovaa shanga. Shina lake ni majani yaliyovikana kama mgomba, na likishatoa ua halitoi tena, kama mgomba ukishakatwa mkungu. Mimi kwa marehemu mamangu huko Kisauni nimelelewa migombani. Kila shina moja twaacha watu watatu, mama, mtoto na mjukuu. Wengine wote twang'oa, tena wakiwa wadogo. Ukiacha familia nzima ikae, wapata ndizi kama vidole vya mtoto mchanga. Mama Salma amewahurumia wote, basi wamemkalia kichwani."

Mwalimu Kazungu: Bi, nimefundisha kilimo miaka mingi na sijawahi kulisema vizuri hivyo. Na umepatia zaidi ya unavyodhani, maana mgomba, tangawizi, manjano na hiyo helikonia wote ni ukoo mmoja mkubwa.

Bi Mwanaisha: Sikwenda skuli, lakini migomba naijua.

Mama Salma: Basi nifanye nini Bi? Niyang'oe yote? Salma akiolewa mwezi wa kumi na mbili nilitaka yapambe jukwaa.

Bi Mwanaisha: La, usiyang'oe yote. Acha mashina matatu manne pale mbele, palipo wazi, uyafungie. Hayo mengine yatoke.

Nassir: Samahani kuingilia. Mimi nilikuwa na mpango wa kupanda mianzi ukutani, upande wa lile ghorofa jipya. Mke wangu hawezi kuanika hata kanga, orofa ya tano wamekaa barazani watutazama kama sinema. Sasa naogopa.

Ami Saidi: Wapungie mkono.

Mwalimu Kazungu: Mianzi si mibaya Nassir, ila uliza ni mwanzi gani. Kuna wa kichaka na kuna wa mbio. Ule mnene wa manjano wenye mistari ya kijani, mnaouona sana Pwani, ni wa kichaka. Shina lake la chini ni fupi na nene, mtoto hutoka pale pale ubavuni mwa mama. Kichaka hunenepa mwaka kwa mwaka, lakini hakikimbii. Ila huo ni mrefu sana, utafika hiyo orofa ya tano na majani yote yaanguke kwenye tangi lako.

Mwalimu Kazungu: Wa mbio ni ule mwembamba unaosifiwa kwamba wajaza ukuta haraka. Shina lake la chini ni refu, jembamba, lina pingili, na mtoto waweza kumkuta hatua kumi kutoka kwa mama. Ukiwa dukani tazama mwanzi juu ya pale panapotoka matawi. Ukiona kijifereji kimechongeka upande mmoja, na kila pingili yatoa matawi mawili, moja kubwa na moja dogo, uache hapo hapo.

Nassir: Muuzaji ataniambia wote ni sawa.

Mwalimu Kazungu: Muuzaji haishi karibu na kisima cha Bi Mwanaisha.

Mwalimu Kazungu: Na tusidhani ni mambo ya bustani tu. Mathenge, ule mti wa miba uliomeza malisho ya Baringo na Tana River, mbuzi wakaoza meno kwa utamu wa maganda yake, mbegu zake za mwanzo zinazojulikana kuingia Kenya zililetwa hapa hapa Bamburi, 1973, kujaribiwa kwenye machimbo ya mawe ya saruji. Walitaka kuotesha kitu, mashimo yale yalikuwa meupe kama mfupa. Kweli ule waenda kwa mbegu tumboni mwa mifugo, si kwa tangawizi. Lakini nao uliletwa kwa nia njema.

Ami Saidi: Mwalimu, na mvinje je? Haller Park, pale palipokuwa machimbo, imejaa mivinje.

Mwalimu Kazungu: Mvinje ulikubali kukaa ulipowekwa. Hatusemi kila mgeni ni mbaya. Hata huo mwembe wako Saidi babu yake alitoka Bara Hindi.

Bi Mwanaisha: Na babu yake Saidi alitoka Hadhramaut, na mwembe wapendeza kumshinda.

Ami Saidi: 😂😂 Bi!

Hamisi (admin): Haya, kesho Jumapili saa kumi na mbili u nusu asubuhi, kabla jua halijakaza, mwenye mtaimbo aje nao kwa Mama Salma. Mimi nina sururu na makarai mawili.

Mama Salma: Mahamri na mbaazi ni juu yangu.

Ami Saidi: Nilikuwa na mgongo, sasa umepona.

*Jumapili*

Faiz: [picha] Mwalimu aonyesha. Hakuna kuvuta kwa nguvu. Waanza pembeni kabisa, palipo na mtoto wa mwisho, wafuata tangawizi kurudi kwa mama, walegeza udongo kwa mtaimbo, wainyanyua nzima nzima. Ukiikata vipande kila kipande chenye jicho kitaota.

Faiz: [picha] Huyu hapa mmoja tumemtoa bila kukatika. Nimempima kwa miguu yangu, hatua tatu.

Nassir: Nilipokuwa nachimba nimekuta kijiko, vibanio vya nguo kumi na vitano na sandali ya Salma alipokuwa mtoto.

Mama Salma: Hiyo sandali tulimpigia mtoto wa watu.

Hamisi (admin): Saa tatu. Makarai ishirini na mawili na bado. Nani alisema ni mche mmoja?

Mwalimu Kazungu: Sasa kizuizi. Nilifikiria mabati, lakini kwa hewa yetu ya bahari mabati ya chini ya udongo yataoza mapema tu. Tumechukua pipa la buluu la lita 200 la Hamisi, lile lililopasuka chini, tukalikata wima kwa msumeno na kulikunjua. Plastiki yake nene, haina kiungo katikati. Tumechimba mtaro kuzunguka mashina manne yaliyobaki mpaka tukagonga jiwe, tukaisimamisha humo ikae kwenye jiwe kabisa, na juu imechomoza upana wa kiganja.

Nassir: Kwa nini ichomoze? Yaharibu sura.

Mwalimu Kazungu: Likifika ukingoni litapanda lijaribu kuruka juu. Likiruka, utaliona, utalikata. Ukiufukia ukingo, litavuka chini ya majani usijue mpaka Bi atume picha nyingine.

Mama Salma: Na zile zangu za majani marefu yenye mistari, zilizo kwenye ndoo ya rangi? Zile kama mkonge.

Mwalimu Kazungu: Tazama ubavu wa ndoo.

Mama Salma: Umepasuka! Nilidhani ni watoto na mpira.

Mwalimu Kazungu: Hapana, ni zenyewe. Tangawizi yake ina nguvu, ikibanwa hupasua plastiki. Zitoe, zigawe, utie kwenye chungu kipana, na kisikae juu ya udongo, kikae juu ya saruji.

Bi Mwanaisha: Hamisi, yale mliyoyang'oa mmeyaweka wapi?

Hamisi (admin): Juu ya mabati ya banda, yakauke kwanza kabisa. Mwalimu kasema yasiende jaani yakiwa mabichi.

Faiz: Isipokuwa karai moja.

Hamisi (admin): Karai gani?

Faiz: Ami Saidi alilimwaga kile kiwanja kitupu cha pembeni.

Ami Saidi: Pale hapana mtu!

Bi Mwanaisha: Saidi, pale hapana mtu leo. Inuka ukayaokote. Chukua na tochi kama jua litakuchwea.

Ami Saidi: Nakwenda Bi, nakwenda. Tumbo limejaa mbaazi.

Mama Salma: Mungu awalipe nyote. Na lile tundu la maji?

Faiz: Limezibuka, na nimetia wavu wa chuma. Ilikuwemo tangawizi nene kama mkono wangu.

*Wiki tatu baadaye, Alhamisi*

Mama Salma: [picha] Yametoka tena. Nimehesabu kumi na moja. Nataka kulia.

Mwalimu Kazungu: Usilie, kumi na moja si sitini. Ni vipande vilivyobaki, vinatumia akiba yao ya mwisho. Jani ndilo jiko lao, basi kata kabla jani halijafunguka. Kila likifunguka umewalisha.

Bi Mwanaisha: Mimi hupita kila baada ya sala ya asubuhi, kabla ya chai. Kikitoa pua nakikata na kisu cha ndizi. Watakuja wembamba, kisha watakuja wembamba zaidi.

Nassir: Nimepata ule mwanzi wa kichaka, mfupi, mwalimu kaupasua dukani kuutazama chini. Muuzaji kakasirika.

Ami Saidi: Na ghorofani je?

Nassir: Wamenunua darubini.

Mama Salma: Bi, ile minne ya mbele imetoa maua mapya, mekundu na ya machungwa. Nikukatie uweke sebuleni?

Bi Mwanaisha: Nikatie mawili. Ila ukate shina zima mpaka chini, lishamaliza kazi yake. Na ukija pitia mlango wa nyuma, hapo kisimani kuna pua nyingine nimeiacha ili uikate mwenyewe.