Ukuta wa lebo kuwakumbuka wahamiaji waliofia jangwani Arizona: data, vifaa na mpangilio

Mwananjia_OH
Habarini wakuu. Tuko Columbus, Ohio. Maktaba moja imetupa ukuta wa ndani, upana mita 6 na kimo mita 3, kwa wiki 4. Tunataka kuwakumbuka wahamiaji waliokufa wakivuka jangwa la Sonora, kwa mtindo wa maonyesho ya Hostile Terrain 94 (HT94): ramani ya mpaka wa Arizona na Mexico, na kila marehemu awe na lebo ya mochwari pale mwili wake ulipookotwa. Data inapatikana wapi, na lebo zaidi ya 3,200 zinapachikwaje zisianguke? Baadhi ya wenzetu wanataka pia kuweka picha za watu wa hapa mjini waliokamatwa na kurudishwa makwao. Mnashaurije?

Karatasi_na_Wino
Mkuu, anzeni kwa kuwaandikia Undocumented Migration Project, shirika la mwanaanthropolojia Jason De León. HT94 ni kazi yao, na ilibuniwa ili watu wa kila mji waandike lebo kwa mikono yao. Jina hilo lisitumike bila makubaliano.

Data ni ya wazi. Ofisi ya uchunguzi wa vifo ya kaunti ya Pima, Arizona, na shirika la Humane Borders wana ramani mtandaoni, na jedwali lote linapakuliwa: jina, umri, jinsia, tarehe, chanzo cha kifo, latitudo na longitudo. Lebo ya manila ya kawaida ni ya waliotambuliwa, ya rangi ya machungwa ni ya wasiotambuliwa. Atakayependekeza kupunguza za machungwa ili ukuta upendeze, mkatalieni. Hao ndio ambao kwao bado wanasubiriwa.

Lebo moja ikiandikwa kwa utulivu inakula kama dakika 4. Lebo 3,200 ni zaidi ya saa 210, yaani watu 40 kwa saa 5 na ushee kila mmoja. Gawanyeni jedwali katika kurasa za majina 25, na nyuma ya kila lebo iandikwe kwa penseli namba ya mstari wake. Tumieni biki nyeusi, maana maka peni inapenya manila na kuchafua upande wa pili. Watu wengi wa Amerika ya Kilatini wana majina mawili ya ukoo, nakilini yote pamoja na alama zake: Muñoz, si Munoz. Mtu wa pili ahakiki kila lebo kabla haijapanda ukutani. Chanzo cha kifo kisilainishwe. Kama jedwali linasema ni mifupa tu na chanzo hakikujulikana, liandikwe hivyo hivyo. Kazi hii inaelemea moyo, hasa mtu anapofika kwenye umri wa mtoto mdogo, kwa hiyo vipindi visizidi saa moja na nusu na anayetaka kutoka aachwe atoke.

Mpima_Ramani
Naongezea upande wa ramani. Arizona, magharibi hadi mashariki mpakani, ni kama kilomita 540. Kwenye mita 6, sentimita 1 ni karibu kilomita 1. Lebo ya kawaida ina sentimita 6 kwa 12, kwa hiyo kila moja inafunika zaidi ya kilomita 5 za jangwa kwa upana. Kusini-magharibi mwa Tucson zitapandana mpaka ukuta uvimbe. Msizitawanye! Rundo hilo ndilo linaloonyesha matokeo ya mkakati wa 1994, pale doria za mpakani zilipobana vivuko vya mijini na watu wakasukumwa jangwani.

Pachikeni kuanzia kusini mkipanda kaskazini, kama anayeezeka makuti. Mkianza juu, kila lebo ya chini itawalazimu kuinua zilizotangulia. Ukutani wekeni softibodi ya angalau milimita 12, na kwenye rundo la Tucson tumieni pini ndefu. Fupi haifiki ubaoni ikishapita tabaka nne tano za manila, ndipo lebo zinapoanza kudondoka.

Longitudo ya Arizona ni hasi, kati ya -109 na -115. Alama ya kutoa ikipotea mnaponakili, nukta zinaangukia China. Pimeni kwanza kwa miji ya Nogales, Ajo na Douglas; hizo tatu zikikaa sawa, endeleeni. Pia angalieni usahihi wa nukta: nyingine ni za GPS, nyingine ni makisio yanayoweza kukosea kwa maili kadhaa. Bango la maelezo liseme hivyo.

Nje_na_Mvua
Mkija kufikiria kuutoa nje, manila haifai kabisa, na mvua siyo adui pekee. Liverpool mwaka 2018, orodha ya watu 34,361 waliokufa wakitafuta hifadhi Ulaya, iliyobandikwa mtaani na msanii Banu Cennetoğlu, ilichanwa, ikabandikwa upya, ikaharibiwa tena. Wekeni nakala ya akiba na mkubaliane mapema nani anarudishia.

Dada_wa_Ridhaa
Kuhusu picha za walio hai, hapana, ndugu zangu. Aliyerudishwa huenda ana rufaa, au mke na watoto ambao bado wako hapo Columbus, na sura moja ukutani inatosha kuwaonyesha wote. Kama mwenyewe anataka asikike, tumieni jina la kwanza au la kubuni, sauti au maandishi badala ya sura, bila mtaa wala mahali pa kazi. Maelezo yawekwe kwenye ukurasa unaofunguliwa kwa msimbo wa QR, ili akibadili mawazo yaondolewe siku hiyo hiyo bila kugusa ukuta. Ridhaa iandikwe kwa lugha yake. Picha yoyote ya simu ifutwe taarifa za mahali kabla ya kupakiwa.

Badala yake mnaweza kuongeza waliofia vizuizini. Tangu 2018 Bunge la Marekani linaitaka ICE, idara ya uhamiaji inayoendesha vizuizi hivyo, itoe hadharani ripoti ya kila kifo ndani ya siku 90. Ila mtu akiachiliwa akiwa mahututi kisha akafia hospitali, kifo chake kinaweza kukosekana humo, kwa hiyo msiiite orodha kamili.