Propofoli inaporomosha presha na kuchoma mkono: mnafanyaje?

Mlaza_wagonjwa:
Wakuu, mgonjwa ana miaka 72, kilo 60, utumbo umeziba na ametapika sana. Nusu kaputi imeanzishwa kwa propofoli mg 120, yaani mg 2 kwa kilo. Muda si mrefu namba ya juu ya presha ikawa 70, mapigo 62 tu. Halafu wakati wa kuchoma alilalamika mkono unawaka moto. Nihamie ketamini, dawa nyingine ya usingizi, moja kwa moja?

Kanula18:
Mg 2 kwa kilo ni ya kijana mwenye afya. Mzee anatosheka na mg 1 hadi 1.5, na aliyekaukiwa maji hata chini ya hapo. Propofoli inalegeza vena na ateri, inapunguza kidogo nguvu ya moyo, na inauzuia moyo usiongeze mwendo presha inaposhuka. Ndiyo maana umeona 62. Isitoshe, damu ya mzee inazunguka taratibu: dawa inachelewa kufika kwenye ubongo, mchomaji anadhani haijakolea, anaongeza. Mjaze maji kwanza, kisha toa mg 20 kila sekunde 10 huku ukimwangalia.

Zoloto:
Mkuu Kanula18, maji sawa, ila kwa utumbo ulioziba sikubaliani na hiyo ya kidogo kidogo. Tumbo limejaa. Ukimwacha kwenye nusu usingizi anaweza kutapika na kupaliwa. Huyu anavutwa vilivyomo tumboni kwa mpira wa puani, anapewa oksijeni safi dakika 3, kisha dozi iliyopangwa na kupunguzwa mapema inaingia mara moja, ikifuatwa na dawa ya kulegeza misuli. Fenilefrini, dawa ya kupandisha presha, iwe tayari kwenye bomba, mikrogramu 50 hadi 100 kwa mara. Mapigo yakiwa chini kama hivyo, efedrini (nayo hupandisha presha) mg 5 hadi 10 inafaa zaidi, kwa sababu fenilefrini huyapunguza tena.

Ketamini ni nzuri lakini si kinga. Inapandisha presha kwa kuamsha adrenalini ya mwili wenyewe. Mgonjwa aliyekwisha kuchoka hana akiba hiyo, na hapo inabaki kazi yake ya pili, kuudhoofisha moyo. Kwa aliye kwenye shoku, mg 0.5 hadi 1 kwa kilo. Tegemea mate mengi (mate yakigusa zoloto, linaweza kujifunga) na kuweweseka wakati wa kuzinduka. Midazolamu, dawa ya kutuliza, mg 1 hadi 2 hupunguza kuweweseka, japo kwa mzee inaongeza usingizi na mkanganyiko, kwa hiyo si ya kutoa kwa mazoea.

Etomideti, nayo dawa ya usingizi, mg 0.2 hadi 0.3 kwa kilo haigusi sana presha. Misuli hurukaruka, kichefuchefu kipo, na dozi moja tu huzuia tezi za juu ya figo kutengeneza kortisoli kwa saa 6 hadi 24. Kwa mwenye maambukizi kwenye damu ningeikwepa.

Kanula18:
Hoja ya tumbo kujaa naikubali, mg 20 kila sekunde 10 iwe kwa aliyefunga kula.

Mpira_wa_mkono:
Kuhusu kuwaka: tumia vena kubwa ya kiwiko, si ile nyembamba ya mgongo wa kiganja. Au funga mkono kwa mpira, choma lidokeini (dawa ya ganzi) mg 40, subiri dakika moja, fungua, ndipo propofoli iingie.

Ila usizoee kila kuwaka ni kawaida. Kwa thiopentoni, dawa nyingine ya usingizi, maumivu makali yanayoshuka hadi vidoleni na kiganja kugeuka cheupe maana yake umeingia kwenye ateri. Acha kuchoma lakini USITOE kanula (kile kimrija kilichomo kwenye mshipa): ndiyo njia pekee ya kupitisha salaini, lidokeini na papaverini (hutanua mishipa) palepale. Thiopentoni huganda kuwa chembe na kuziba mishipa midogo, vidole vinaweza kuoza. Ichanganywe asilimia 2.5, isizidi. Na suuza laini kwa salaini kabla ya suksamethoni (dawa ya kulegeza misuli), la sivyo zinagandiana ndani ya mrija na mgonjwa hapati dozi kamili.